Nauli ya Kutoka Kiogoro Hadi Ziwani

Ukitoka Kiogoro asubuhi, ukapitia Kisii mjini na kupanda matatu ya Oyugis, kabla ya saa saba mchana utakuwa Kendu Bay umeagiza samaki. Si mbali. Lakini barabara inateremka kwelikweli: Kisii mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 1,134. Ndani ya mita hizo mia tano na kitu, majani chai yanabaki nyuma, jua linaanza kuchoma, sweta unaivua, na usiku ukiingia mbu wanakutafuta. Kuna kitu kingine kinachobadilika njiani ambacho hakuna abiria anayekiona. Ni damu.

Sizungumzii damu ya kabila. Tuelewane mapema, maana hapa Kenya ukitaja damu, Kisii na ziwa katika sentensi moja, kuna mtu tayari ameanza kuhesabu kura. Nazungumzia damu ile inayodondoshwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Stori yake inapitia Gilgil, Kampala, Nairobi na Kisangani, na inaingia hadi kwenye simu yako. Vitabu vinavyoisimulia huanza Uingereza, kana kwamba huku kwetu palikuwa mahali pa kuchukulia sampuli tu.

Mwaka 1949 kijana mmoja, Anthony Allison, alifika Kenya na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukielekea Mlima Kenya. Haikuwa ugenini kwake. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini alilelewa Gilgil, kwenye shamba la wazazi wake. Kazi yake katika msafara ilikuwa kukusanya damu za watu wa jamii mbalimbali ili kulinganisha makundi ya damu. Pamoja na hayo akapima jambo lingine: nani ana seli zinazopinda.

Seli nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo, imebonyea katikati kama kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole. Kwa watu wengine, oksijeni ikipungua, seli hiyo hujikunja ikawa kama mundu. Ndiyo maana ugonjwa wenyewe unaitwa selimundu, ingawa mtaani wengi husema tu sikoseli. Chanzo chake ni badiliko dogo mno katika jeni moja, ile inayotoa maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Ukiwa na nakala moja iliyobadilika wewe ni mbebaji, na unaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Ukiwa nazo mbili, una ugonjwa: maumivu ya mifupa yanayokuja ghafla, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara. Zamani wengi wa watoto hao walikufa kabla ya kufika umri wa kwenda shule.

Allison aliona kwamba Pwani na kando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi asilimia 20 ya watu. Nyanda za juu na kwenye ukame, walikuwa chini ya asilimia 1. Hapo ndipo penye fumbo. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa inapaswa kupungua kila kizazi hadi iishe. Inawezekanaje mtu mmoja kati ya watano awe nayo, mahali ambapo watu wameishi miaka na miaka?

Tazama ramani tena: mahali palipo na wabebaji wengi ndipo palipo na malaria ya kudumu.

Mwaka 1953 alirudi kuhakikisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasio wabebaji, 113 walikuwa navyo, karibu asilimia 46. Kisha akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingemtimua mlangoni: aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 Wajaluo waliojitolea, waliokuwa wamekaa muda mrefu nje ya maeneo ya malaria. Kumi na tano walikuwa wabebaji, kumi na tano hawakuwa. Kwa wasio wabebaji, vimelea vilishika kwa watu 14. Kwa wabebaji, wawili tu. Majina ya wanaume hao 30 hayamo katika masimulizi maarufu ya ugunduzi huu. La Allison lipo. Alichapisha matokeo mwaka 1954 katika British Medical Journal, na wataalamu wengi hawakumwamini mara moja. Miaka 50 baadaye watafiti wa Kilifi, wakifuatilia watoto wengi zaidi na kwa njia za kistaarabu, walikuta kwamba mtoto mbebaji ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile inayolaza na kuua.

Ili uone uzito wa ramani hiyo, rudi nyuma miaka kama ishirini. Mwaka 1933 walowezi na madaktari kadhaa wa Nairobi walianzisha chama kilichoitwa Kenya Society for the Study of Race Improvement. Mmoja wa vinara wake, daktari H. L. Gordon, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, alieneza hoja kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa. F. W. Vint, katika maabara ya serikali, alipima ubongo wa maiti za Waafrika na kutangaza kwamba hauwezi kulingana na wa Mzungu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sayansi ya damu na urithi katika mji huu. Walianza na jibu, halafu wakatafuta mizani ya kulipimia.

Ramani ya selimundu iliharibu mchezo huo. Jeni hiyo ipo kwa Wagiriki wa maeneo fulani yaliyokuwa na malaria, ipo mashariki mwa Saudi Arabia, ipo kwa jamii kadhaa za India. Na ndani ya Kenya haipo kwa kiwango kimoja kwa wote tunaoambiwa ni "watu weusi". Ilichokuwa inafuata ni mbu. Frank Livingstone, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliongeza mwaka 1958 kwamba jembe nalo limo. Wakulima walipofyeka misitu ya Afrika Magharibi waliacha vidimbwi vyenye jua, na vidimbwi hivyo ndivyo mbu wa malaria wanavyopenda kutagia. Mkulima alilima chakula, akalima na malaria, na malaria ikaikuza jeni.

Sasa turudi mlimani. Wazee wa Abagusii husimulia kwamba wahenga wao hawakuanzia huku juu. William Ochieng', katika historia ya Abagusii aliyoichapisha mwaka 1974, anafuata simulizi zinazowatoa upande wa Mlima Elgon, zikawashusha hadi kando ya ziwa na tambarare za Kano, kisha zikawapandisha Kabianga, katika nchi ambayo leo ni ya Wakipsigis. Huko baridi ilikuwa kali, mimea ikakataa, ng'ombe wakafa, watoto wakafa. Inasemekana jina Kabianga lenyewe linatokana na huko kukataa. Kutoka hapo waliteremkia upande wa Trans Mara, na hatimaye wakajikusanya katika vilima hivi ambavyo leo tunavigawa kwa majina ya maeneobunge: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Mugirango, Bomachoge. Kiogoro iko Nyaribari, Nyaribari Chache ukipenda lugha ya IEBC.

Hapa nakisia, ila nakisia kwa kufuata hesabu. Vizazi vilivyolala Kano usiku baada ya usiku vilikuwa mahali ambapo nakala moja ya selimundu ni ngao. Vizazi vilivyopanda juu vilifika mahali ambapo ngao hiyo haina adui wa kuizuia, na inabaki kuwa gharama tu. Jeni ni ile ile, bila kubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni anwani. Haikuisha, kwa sababu Mgusii haoi ndani ya ukoo wake. Mke lazima atoke kwingine. Na mipakani na Wajaluo kulikuwa na masoko ambapo watu walibadilishana nafaka na bidhaa nyingine, na penye soko hapakosi uchumba. Ndiyo maana kauli unayoisikia Nairobi, kwamba sikoseli ni ya "watu wa ziwa" na Wakisii haiwahusu, ni uvivu tu. Wapo watoto wa vilima hivi wanaougua selimundu leo, na kauli hiyo inawacheleweshea kipimo.

Watu wa mlimani pia walikosa ngao nyingine, ile anayoipata mtoto wa ziwani kwa kuugua mara nyingi akiwa mdogo hadi mwili ukazoea. Mwaka 2002 malaria ilipolipuka katika wilaya za Kisii ya Kati na Gucha, pamoja na Kericho na Nandi, haikuchagua watoto peke yao. Mlimani hata mtu mzima hulala chini.

Rudi kwenye fumbo la Allison, maana ndilo mlango wa wazo lenyewe. Swali la kawaida ni: jeni hii inamsaidia nani? Ukisema mtu binafsi, nitakuonyesha mtoto mwenye nakala mbili. Ukisema jamii, nitakuuliza jamii gani inanufaika kwa kuzika watoto. Jibu linanyooka pale tu unapoacha kumtazama mtu na jamii, ukaitazama jeni yenyewe. Jeni haiko ndani ya mtu mmoja. Nakala zake zimetawanyika katika miili maelfu kwa wakati mmoja, kama wimbo mmoja unaochezwa kwenye matatu zote za mji. Mahali penye malaria, nakala zilizo ndani ya wabebaji zinavuka na watoto wao hadi kizazi kijacho. Nakala zilizo ndani ya wagonjwa zinazama. Zinazovuka zikizidi zinazozama, jeni inabaki. Hakuna aliyepanga. Jeni haina nia wala huruma, haijui kama inamwokoa mtu huyu au inamtesa ndugu yake wa tumbo moja.

Namna hii ya kutazama mageuko ya viumbe ilikuwa ikijikusanya polepole. Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton, aliyezaliwa Cairo, alitoa makala mbili nzito kuhusu undugu. Aliuliza: mbona nyuki mfanyakazi hazai, ila anajitoa mhanga kwa ajili ya watoto wa malkia? Jibu lake: nakala za jeni zako zimo pia ndani ya ndugu zako. Ndugu wa baba na mama mmoja mnashirikiana nusu, wa baba mmoja robo, binamu sehemu moja ya nane. Tabia ya kujitolea inaweza kuenea ikiwa faida kwa ndugu, ikizidishwa na kiasi cha undugu, inapita gharama kwako. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu J. B. S. Haldane, kwamba alishalipigia hesabu jambo hilo akiwa baa: yuko tayari kufa kwa ajili ya ndugu wawili, au binamu wanane. Kisa kitamu, na ndiyo sababu kimedumu.

Kenya ilitoa ushahidi wake hapa pia. Jennifer Jarvis alichimba na kufuga wale fuko wasio na manyoya, wenye meno yaliyojitokeza, wanaoishi chini ya ardhi kavu ya upande wa Mtito Andei. Mwaka 1981 alionyesha kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anayezaa, madume wachache, na wengine wote vibarua. Mnyama anayenyonyesha, na mzinga wake ni shimo la Ukambani.

Mwaka 1966 Mmarekani George Williams aliandika kitabu kilichobomoa mazoea ya kusema kwamba wanyama hufanya mambo "kwa faida ya spishi". Kisha mwaka 1976 akaja Richard Dawkins na The Selfish Gene, akayaweka yote katika lugha ambayo mwanafunzi yeyote angeisoma kwenye basi. Huyu alizaliwa Nairobi, tarehe 26 Machi 1941. Baba yake, ofisa wa kilimo wa Nyasaland, alikuwa ameitwa kuitumikia King's African Rifles wakati wa vita. Sitaki tumdai kama mwenzetu. Aliondoka mdogo, na malezi yake yalikuwa ya koloni. Lakini inachekesha kidogo kwamba shule zetu zinafundisha majina ya maziwa yote ya Kanada bila kulitaja hilo hata mara moja.

Jina la kitabu ndilo lililoleta zogo. "Jeni yenye ubinafsi" ilisikika masikioni mwa wengi kama "binadamu ni mbinafsi na ndivyo alivyoumbwa". Dawkins hakusema hivyo. Alikuwa akisema kwamba jeni zinazobaki ni zile zinazofanya mambo ya kuzibakisha, na kwamba njia mojawapo ya kubaki ni kuwafanya wenye miili wapendane. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba "jeni isiyokufa" lingekuwa jina zuri zaidi. Too late, kama tunavyosema. Jina lilishatoroka, likaenda kuajiriwa na kila mtu aliyetaka kisingizio, kuanzia wafanyabiashara hadi wale wanaume wa podikasti wanaokufundisha mapenzi kwa mifano ya simba.

Hapa ndipo ningependa Mgusii aulizwe, maana yeye alikuwa na hesabu yake ya undugu zamani kabla ya Hamilton. Katika boma la mitala, kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, na kila enyomba ilikuwa na mali yake. Ng'ombe wa mahari ya msichana waliingia katika nyumba ya mama yake, wakamwolea kaka yake wa tumbo moja. Baba akithubutu kuwachukua ng'ombe wa nyumba hii amwolee mtoto wa nyumba ile, lilikuwa deni, na deni hilo liliweza kurithiwa na kugombaniwa na watoto na wajukuu. Philip Mayer aliyaandika haya miaka ya 1940 na 1950, na ugomvi wa wake wenza, engareka, ni mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo kila mtafiti aliyefika huku aliyakuta.

Ukiwa na kitabu cha Hamilton mkononi utaruka kwa furaha. Si unaona? Wa tumbo moja nusu, wa baba mmoja robo, na ng'ombe wanafuata nusu! Wapo walioruka hivyo hivyo. Edward O. Wilson alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa cha soshobayolojia mwaka 1975, na ghafla kila desturi ya kila kabila ilionekana kama jeni iliyovaa nguo.

Marshall Sahlins wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwajibu mwaka huo huo wa 1976. Hakuna jamii duniani, alisema, inayopanga undugu wake kwa visehemu vya Hamilton, na zipo lugha ambazo hata hazina maneno ya visehemu hivyo. Dawkins alimjibu kwa kejeli: konokono hutengeneza gamba la hesabu kamilifu bila kumiliki kitabu cha hesabu. Pointi hiyo nampa. Mwili unaweza kufuata hesabu usioijua.

Lakini jibu la konokono haligusi lile gumu zaidi. Mgusii huyo huyo mwenye enyomba alikuwa na desturi nyingine. Mwanamke aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume, ila ana ng'ombe waliotokana na mahari ya binti zake, aliweza kuoa mke. Yeye mwenyewe, mwanamke, akaoa. Msichana aliletwa bomani, akazaa na mwanamume aliyekubalika, na watoto wakawa wajukuu wa yule bibi: wa jina lake, wa nyumba yake, warithi wa shamba lake. Jeni zake humo? Hata moja. Visehemu vya Hamilton vinasoma sifuri, ilhali wazee wanasoma wajukuu kamili, na shamba linakwenda kwao.

Uamuzi wangu, kwa hivyo, ni huu: kwa selimundu mtazamo wa jeni ni ufunguo, na sijaona mwingine unaofungua kufuli hilo. Kwa enyomba ni taa ya tochi. Inamulika kona moja vizuri, na mtu asiye mwangalifu anadhani nyumba yote ni kona hiyo. Undugu hapa ulihesabiwa kwa ng'ombe, kwa jina, kwa nani alikulisha na nani atakuzika. Jeni ina hesabu yake na boma lina yake. Wakati mwingine majibu yanafanana, wakati mwingine hayakutani kabisa.

Na tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Matangazo ya vipimo vya DNA yako kila mahali siku hizi. Redioni watu wanacheka mtoto akitangazwa kwamba "si wake". Baba aliyelipa karo miaka kumi na minane anaambiwa na karatasi kwamba hakuwa baba, na mtandaoni tunashangilia kama mpira. Damu nzito kuliko maji, tunasema. Sawa. Lakini wazee wa vilima hivi wangeuliza kwanza ng'ombe walilipwa na nani, na kesi ingeishia hapo.

Upande mwingine wa urithi wa kitabu kile unaubeba mfukoni. Katika sura ya 11 Dawkins alijiuliza kama kuna kitu kingine duniani kinachojinakili kama jeni, kisichohitaji damu. Akataja nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi: vitu vinavyoruka kutoka kichwa hadi kichwa. Akavitungia jina: meme. Kwa hiyo kila unapotumiwa picha ya mtu anayelia ikiwa na maneno ya kukejeli Gen Z au Kanjo, unatumia neno lililoundwa na mtoto wa Nairobi katika kitabu kuhusu mageuko ya viumbe. Wasomi wengi wanaona nadharia yenyewe ya meme haikufika mbali. Neno lakini lilizaana kuliko nadharia, na hilo naona ndilo lingemfurahisha zaidi.

Hamilton alikuwa na mwisho wa huzuni. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alikwenda Kongo, upande wa Kisangani, kutafuta kinyesi cha sokwe ili kuchunguza dhana kuhusu chanzo cha virusi vya UKIMWI, dhana ambayo vipimo vya baadaye viliikataa. Alirudi London akiwa na malaria, na baada ya wiki kadhaa hospitalini alifariki tarehe 7 Machi 2000.

Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika Kaunti ya Homa Bay, chini kule ambako matatu yetu ilielekea. Tuseme mambo yanakwenda vizuri kuliko tunavyothubutu kutumaini, na malaria inaisha kesho asubuhi. Jeni ya selimundu itafanya nini? Chukua mahali ambapo nakala moja kati ya kila 10 ni ya selimundu, yaani watu 18 hivi kati ya 100 ni wabebaji. Hata tukichukulia hali mbaya kabisa, kwamba hakuna mwenye nakala mbili anayefikia kuzaa, itachukua vizazi 10 kiwango hicho kipungue kwa nusu. Miaka kama 250. Na kwa kuwa siku hizi kuna penisilini ya kuwakinga watoto hao wasiambukizwe, na dawa ya hydroxyurea ya kupunguza maumivu, wengi wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa, na saa ya jeni inazidi kwenda polepole. Ngao itakuwa haina kazi, na bado itazaliwa.

Maana yake ni kwamba swali hili litawafikia watu ambao hawatawahi kuumwa na mbu wa Kano: mvulana wa Kiogoro na msichana wa Oyugis waliokutana Rongai, au wote wawili wa Nyaribari waliokutana kazini. Wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba, upya. Waliopata mmoja mgonjwa hawajamaliza zamu yao, na waliopata watatu wazima hawajaweka akiba yoyote. Kipimo chake ni tone la damu, na huwa kinafanywa baada ya mtoto wa kwanza kuugua, wakati ambapo pande mbili za familia zimeshaketi kuulizana ni ukoo wa nani umeleta jambo hili. Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama. Lakini mtoto hawezi kuwa na nakala mbili bila baba kutoa moja, na nakala ya baba nayo ilishuka na kupanda vilima hivi hivi, ikiwa imebebwa na watu waliokuwa wazima wa afya.